Picha Haifunguki? Anza na Faili Lenyewe

Skripti ya kupakua picha ikikuletea mafaili yasiyofunguka, usikimbilie kuiandika upya. Litazame kwanza faili lililoshuka. Kwenye dirisha la amri (terminal) andika `file picha.jpg`. Katika kazi zangu jibu huwa mara nyingi "HTML document": seva imetuma ukurasa wa kosa, na curl, programu ya kupakua kwa amri, imeuhifadhi kwa jina la picha uliloomba wewe. Usome kwa `head`. Mara nyingi utakuta 404 (hakipo) au 403 (umekatazwa) imeandikwa waziwazi.

Kwa curl, 404 si kushindwa. Imeuliza, imejibiwa, kazi imekwisha, inatoka na msimbo 0, yaani mafanikio. Ndiyo maana skripti inayokagua `$?` (msimbo wa amri iliyopita) inasema mambo shwari huku folda imejaa takataka. Weka `-f`, nayo itatoka na 22 seva ikijibu 400 au zaidi. Weka na `-L` ili ifuate anwani iliyohamishwa. Wget, programu nyingine ya kupakua, hufuata bila kuombwa.

Kosa linalopoteza muda wa watu kuliko yote liko kwenye sheli, programu inayosoma amri zako, kama Bash. Tazama amri hii:

`curl -o a.jpg https://example.com/picha?id=12&upana=800`

Bash ikifika kwenye `&` inaona amri imeishia hapo, inaipeleka nyuma, kisha `upana=800` inakuwa kigezo (variable) cha kawaida. Hakuna onyo. Picha inaweza hata kushuka, ila kwa ukubwa usioutaka, na utailaumu seva bure. Anwani ifungwe ndani ya alama za nukuu, kila mara, na kigezo vilevile: `"$anwani"`. Hili silegezi hata kwa skripti ya mistari mitatu.

Kama nukuu zipo na bado inagoma, endesha `bash -x pakua.sh` uone kila amri ilivyo baada ya sheli kuichakata. Ukiona `\r` (alama ya mwisho wa mstari ya Windows) mwishoni mwa anwani, orodha yako ya anwani imeandikwa kwenye Windows. Isafishe: `tr -d '\r' < orodha.txt > safi.txt`.

Wanaoita curl kutoka Python waachane na `os.system`. Tumia `subprocess.run` na uipe orodha ya maneno, si sentensi moja. Hapo sheli haiguswi kabisa, na anwani iliyotoka kwa mtu usiyemjua haiwezi kugeuka amri kwenye mashine yako.

Na ukianza kupata 429, seva inakuomba upunguze kasi. Weka `sleep 2` kati ya picha na picha.