Kwa anayeanza na mbwa aina ya Épagneul Breton

Ukimwona Breton kwa mara ya kwanza utadhani ni mbwa wa sebuleni. Dume ana kimo cha sentimita 48 hadi 51 mabegani, jike 47 hadi 50, na uzito wao kwa kawaida ni kilo 14 hadi 18. Ndiye mdogo kuliko mbwa wote wa kundi lake, yaani mbwa wa uwindaji ambao wakinusa ndege aliyejificha husimama na kuganda, pua ikielekea alipo, mpaka mwindaji afike. Makosa mengi ya wageni huanzia kwenye umbo hilo dogo. Wanamfuga kwa kuangalia mwili wake, wakasahau kazi aliyoumbiwa.

Kwao ni Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, nchi ya mashamba madogo yaliyozungushiwa ua wa miti na vichaka vya miiba. Katikati ya karne ya 19 wawindaji wa Kiingereza walikuwa wakija huko kuwinda bekasi, ndege wa msituni mwenye mdomo mrefu, na mbwa wao aina ya seta wakazaa na mbwa wadogo wa wenyeji. Rasimu ya kwanza ya viwango vya uzao huu iliandikwa Nantes mwaka 1907, ikapitishwa na chama chake kule Loudéac tarehe 7 Juni 1908. Marekani ulisajiliwa mwaka 1934, na mwaka 1982 AKC, klabu kuu ya mbwa ya Marekani, ikaondoa neno “Spaniel” katika jina lake, kwa sababu mbwa huyu hufanya kazi kama pointa na seta, wanaoganda mbele ya ndege, si kama spanieli wanaokurupusha ndege. Jambo moja huwachanganya wanunuzi: weupe wenye mabaka meusi unakubalika Ufaransa, lakini kwenye maonyesho ya AKC rangi nyeusi humwondoa mbwa mashindanoni. Uliza mapema ikiwa unataka kushindana.

Mkia nao una maneno mengi. Wengine huzaliwa na mkia mrefu, wengine mfupi, wengine bila mkia, na wote ni Breton halali. Mkia mfupi wa kuzaliwa hutokana na jeni moja tu. Ukipandisha wazazi wawili wenye jeni hiyo, kila kijusi kina nafasi moja kati ya nne ya kuirithi kutoka pande zote mbili, na kijusi cha namna hiyo hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo watoto wakiwa wachache kuliko ulivyotarajia, usikimbilie kumlaumu jike. Kabla ya kupandisha, wapigwe eksirei ya nyonga wakishakomaa, na uulize kama kuna kifafa katika ukoo. Muuzaji asiyetaka kujibu maswali hayo, mwache.

Sasa mafunzo. Breton ana moyo laini. Pointa mwenye kichwa kigumu anaweza kukaripiwa na kesho akasahau, ila huyu ukimfokea mbele ya ndege atahusisha ndege na maumivu, na utapata mbwa anayekwepa harufu aliyopaswa kuifuata. Sauti ya chini na kamba ndefu ya mita 10 vinatosha. Mwachilie atafute akiukabili upepo, maana upepo ukitoka nyuma yake atamkanyaga ndege kabla ya kumnusa. Akiganda, nyamaza. Usimwendee kutoka nyuma kwa haraka, kwa sababu hatua zako zitamsukuma mbele naye atavunja msimamo. Zunguka kwa upana, uingie kutoka ubavuni ambako anakuona, huku msaidizi ameshika kamba. Ndege akiruka, kamba imzuie bila kumvuta kwa nguvu, na asifiwe akiwa bado amesimama. Akiachiwa kukimbiza kila ndege, baada ya muda ataona kukimbiza ndiko kazi yenyewe.

Hofu ya bunduki mara nyingi hutengenezwa na binadamu. Usimpeleke mtoto wa mbwa kwenye uwanja wa shabaha “azoee”. Subiri mpaka awe na shauku kubwa ya ndege, kisha mtu mwingine apige baruti ndogo isiyo na risasi akiwa mbali, mita 100 hivi, wakati mbwa ameshughulika na ndege. Asipojali, siku nyingine mpigaji asogee karibu kidogo. Akikunja mkia au akirudi miguuni pako, simamisha zoezi, urudi kwenye ndege bila mlio kwa muda. Kusogea polepole hakujawahi kumharibu mbwa.

Nyumbani anahitaji angalau saa moja ya kukimbia huru kila siku. Kuzungushwa barabarani na mnyororo hakuhesabiki. Asiyekimbia hubweka, huchimba na kutafuna milango. Ila kabla hajafikisha mwaka usimrushe vizuizi wala usimkimbize kando ya baiskeli, kwa kuwa mifupa bado inakua. Mtoto ale mara tatu kwa siku hadi miezi sita, kisha mara mbili. Pitisha viganja ubavuni: mbavu zipapaswe kirahisi bila kuonekana zote. Nje ya msimu wa uwindaji punguza chakula, la sivyo atanenepa haraka.

Manyoya yake ni membamba na hayana taabu, brashi mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Kazi kubwa ni ukaguzi baada ya kila matembezi. Vishungi vya nyasi kavu vya kiangazi cha Ulaya vina ncha inayoingia na haitoki. Angalia kati ya vidole, kwapani na masikioni. Akianza ghafla kutikisa kichwa au kupiga chafya mfululizo, usichokonoe na pamba, maana utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kupe watoe kwa ndoano yao maalumu, bila kuwaminya wala kuwapaka mafuta. Huko Ufaransa kupe hueneza babesia, vimelea vya damu, hasa vuli na majira ya kuchipua. Ukiona homa, uchovu na mkojo wa rangi ya kahawa, usisubiri kesho: chembe nyekundu za damu zinavunjika, na kila saa inayopita inaumiza figo.