Risiti zimepatikana baada ya TRA kukataa pingamizi: niende Mahakama Kuu?

Kaka, unasema ulikuta risiti za alizeti uliyonunua Kibaigwa ndani ya gunia tupu, wiki moja baada ya TRA kukataa pingamizi lako la makadirio ya kodi, na sasa unataka mapitio Mahakama Kuu hapo Dodoma. Subiri kwanza. Mapitio siyo mahali pa risiti. Jaji anaangalia kama Kamishna Mkuu wa TRA alikuwa na mamlaka, alikusikiliza, alifuata sheria. Hakai kupiga hesabu za magunia. Atakuuliza: kwa nini hujaenda Bodi ya Rufani za Kodi?

Huko Bodi ndiko kwenye mashahidi na nyaraka, na mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wako. Notisi ya kukata rufani ni ndani ya siku 30, rufani yenyewe siku 45 tangu upewe uamuzi. Hesabu leo siku zilizobaki.

Usiweke akiba ya ushahidi. Ukipanda Baraza la Rufani za Kodi, ngazi iliyo juu ya Bodi, halafu Mahakama ya Rufani, huko juu kabisa ni hoja za kisheria tu. Kipimo cha ushahidi mpya kwenye rufani, cha kesi ya Ladd v Marshall ya Uingereza ya 1954, kinauliza kwanza: usingeweza kuupata mapema kwa bidii ya kawaida? Gunia lilikuwa stoo kwako, kaka. Hapo utabanwa.

Halafu risiti za EFD, zile za mashine ya kielektroniki, zinafifia hadi zinabaki nyeupe. Toa kopi leo, na mtafute aliyekuuzia awe shahidi.