Seva za matawi chini ya kidhibiti kimoja: amua kwanza nani aanzishe mawasiliano

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una seva 40 hivi za Linux, baadhi zikiwa makao makuu Dar es Salaam na nyingine kwenye matawi ya mikoani, na ungependa kuzisimamia zote kutoka seva moja badala ya kuingia katika kila moja kwa mkono. Umeuliza kama uchague Ansible au Puppet, programu mbili za kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kadhaa na kwa programu zote mbili, na ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuzilinganisha, uamue ni upande upi utakaoanzisha mawasiliano: kidhibiti (hiyo seva moja ya usimamizi) kizifuate seva, au seva zikifuate kidhibiti. Kwa mtu mwenye matawi ambayo intaneti yake ni ya kusuasua, mengine yote yanategemea uamuzi huo.

Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012 na kununuliwa na Red Hat mwaka 2015, kwa kawaida huzifuata seva. Kidhibiti huingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali), hutekeleza kazi moja baada ya nyingine, kisha hutoka. Kwenye seva hakuna wakala, yaani programu ndogo ya usimamizi, anayebaki, na kinachohitajika ni SSH na Python tu. Ndiyo maana unaweza kuanza kuitumia siku hiyo hiyo. Taabu huja mawasiliano yanapokatika kazi ikiwa katikati, na hapa naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu kasoro yenyewe haionekani kwa urahisi.

Chukulia umebadilisha cheti cha usalama (TLS) cha Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, kwa kundi zima la matawi, na umeagiza huduma isome upya usanidi wake endapo faili la cheti limebadilika. Agizo la namna hiyo, liitwalo handler, Ansible huliahirisha hadi kazi nyingine za awamu hiyo ziishe. Seva ya Tabora imeshaandikiwa faili jipya, mara mtandao unakatika, na muhtasari wa mwisho unaonyesha unreachable=1, yaani seva moja haikufikika. Mtandao ukirudi unaendesha tena maelekezo yale yale. Safari hii Ansible inakuta faili liko sawasawa, inaandika changed=0 (mabadiliko sifuri), na kwa kuwa hakuna kilichobadilika, agizo la kusoma upya halitolewi. Muhtasari wote ni wa kijani, ilhali Nginx ya Tabora bado inatumia cheti cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu yake, na siku muda wa cheti hicho utakapokwisha wateja wataanza kulalamika huku faili sahihi likiwa papo hapo kwenye diski. Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu. Tangu hapo, kila maelekezo yanayogusa huduma huwa nayamalizia kwa kuihoji huduma yenyewe, yaani cheti inachokitoa wakati huo kina tarehe gani, bila kujali faili linasema nini. Vilevile huweka flush_handlers, inayolazimisha maagizo hayo yatekelezwe papo hapo, mara tu baada ya kazi ya kuandika faili, ili pengo kati ya hatua hizo mbili liwe dogo.

Puppet, ambayo Luke Kanies aliianzisha mwaka 2005, hufanya kinyume. Kila seva ina wakala ambaye kwa kawaida huuliza maelekezo kwenye seva kuu kila baada ya dakika 30 kupitia poti (mlango wa mtandao) 8140, na seva kuu isipopatikana hutumia maelekezo ya mwisho aliyoyahifadhi. Tawi lililokosa intaneti kutwa nzima hujirekebisha lenyewe mtandao unaporudi, wala huhitaji kufungua poti yoyote kwenye ruta ya tawi. Gharama yake ni kuwatunza mawakala, kutunza vyeti vyao, na kujifunza lugha yake.

Kwa hali uliyoeleza, mimi ningebaki na Ansible lakini kwa njia mbili. Makao makuu uyaendeshe kwa kusukuma kutoka kwenye kidhibiti. Matawi yatumie ansible-pull, ambayo huchukua maelekezo yote kutoka Git (hazina inayotunza matoleo ya faili) kisha huyatekeleza hapo hapo kwenye seva, kwa ratiba ya systemd, msimamizi wa huduma ndani ya Linux. Mtandao ukikatika baada ya maelekezo kufika, kazi ya aina ile ya cheti haikatiki katikati.

Makundi yapange kwa kazi na kwa mahali, kwa kuwa seva moja yaweza kuwa katika makundi kadhaa; ukiandika --limit 'hifadhidata:&mwanza' utagusa hifadhidata za Mwanza peke yake. Katika kusukuma, weka serial (idadi ya seva zinazoshughulikiwa kwa mkupuo) ianze na seva 1, kisha 5, kisha zilizobaki. Seva ya kwanza ikishindwa, kazi nzima husimama.

Suala la usalama hukuligusa, nami naliona zito kuliko uchaguzi wa programu. Mwishoni mwa Aprili 2020 ilitangazwa kasoro ya Salt, programu nyingine ya aina hii, yenye namba CVE-2020-11651, iliyomwezesha mtu asiye na nenosiri kuamrisha seva zote zilizo chini ya kidhibiti. Siku chache baadaye LineageOS (watengenezaji wa mfumo wa simu unaotokana na Android) na Ghost (jukwaa la blogu) walivamiwa kwa njia hiyo. Poti za kidhibiti, ambazo kwa Salt ni 4505 na 4506, zisionekane kwenye intaneti ya wazi. Matawi yapitie VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa. Hazina ya Git inayosomwa na ansible-pull nayo ilindwe vivyo hivyo, kwa maana anayeweza kuandika humo anaziamrisha seva zako zote.

Kidhibiti chenyewe kiweke nchini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya, na aliyekuwa na kidhibiti Ulaya alikuwa mbali na seva zilizo mtaa wa pili.

Anza na tawi moja lisilo na shughuli nyingi, uendeshe kwa --check --diff, inayoonyesha mabadiliko bila kuyafanya, na usome kila mstari unaotaka kubadilishwa kabla ya kuruhusu lolote. Ukipenda, weka hapa mgawanyo wa makundi yako, bila anwani za IP, nami nitaupitia.