Kadi ya mwezi kwa daladala za Mbeya?

Mkuu, umeuliza kwa nini Mbeya tusiwe na kadi ya mwezi ya kulipa mara moja, kama wenzetu wa Vienna, Austria, walioshusha tiketi yao ya mwaka mzima hadi euro 365 mwaka 2012. Wazo zuri, ila kule mabasi na treni kwa sehemu kubwa ni vya jiji. Ukilipa, hela inaingia mfuko mmoja.

Hapa Hiace ya Uyole ina mwenyewe, ya Mbalizi ina mwenyewe. Dereva anatakiwa kupeleka hesabu kwa bosi kila jioni, kinachobaki ndicho chake na konda. Sasa abiria akipanda pale Kabwe na kadi aliyoilipia tarehe mosi, konda anapata nini leo? Atakuacha tu. Ushahidi tunao: nauli ya mwanafunzi iko chini kuliko ya mtu mzima, na kila mtu anajua wanavyosukumwa mlangoni asubuhi wakiwa na sare. Nauli ya chini bila wa kumfidia dereva inageuka adhabu kwa abiria.

Mimi ningeanza na kinachowezekana. Wenye magari wa ruti moja waungane, madereva walipwe mshahara, ndipo kadi ije. Na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ikipanga nauli iangalie pia wanaounganisha: wa Mbalizi anayeshushwa Mwanjelwa kisha anapanda nyingine kwenda Uyole analipa mara mbili (na gari likikatisha ruti, mara tatu). Huyo ndiye anayehamia kwenye bodaboda.