Ramy Youssef alianzia wapi?

SWALI: Ramy Youssef, yule mchekeshaji Mmarekani mwenye asili ya Misri, alifikaje kwenye Golden Globe, tuzo ya Marekani ya filamu na televisheni? Na anayeanza hupewa dakika ngapi jukwaani? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Alizaliwa New York mwaka 1991 na wazazi Wamisri, akakulia New Jersey. Tuzo aliipata Januari 2020 kwa tamthilia ya Ramy, iliyoanza 2019 kwenye Hulu, huduma ya kutazama vipindi mtandaoni. Mwaka huohuo wa 2019 kituo cha televisheni cha HBO kilirusha onyesho lake la jukwaani, Feelings. Huchekesha kuhusu swala, familia na aibu zake mwenyewe bila kugeuka mwalimu wa dini. Kwetu sisi, ufundi wake uko hapo hasa.

Anayeanza Marekani hupata dakika 3 hadi 5 hivi kwenye usiku wa jukwaa huria (open mic), ambapo yeyote anaweza kujiandikisha kuchekesha. Taa ikiwaka nyuma ya ukumbi, muda umekwisha, malizia. Ukipitiliza, usitegemee kuitwa tena. Kinachoangusha wengi ni utangulizi: kicheko cha kwanza kinakuja sekunde ya 50, watu wameshachoka. Jirekodi kwa simu, sikiliza watazamaji walipokaa kimya, kata sehemu hizo. Neno linalochekesha liwe la mwisho kwenye sentensi. Ukiongeza lingine, unakifunika kicheko chako mwenyewe.