Maficho ya kuwapigia picha bata maji

SWALI: Nina bwawa Kigamboni. Nimejenga kibanda cha kupigia picha bata maji, lakini wanakizunguka tu na kwenda zao. Nimekosea wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, pengine kosa liko mgongoni. Wengi huziba mbele wakaacha nyuma wazi; mwanga hupenya na kila ukiinua kamera kivuli chako huonekana. Ziba nyuma na juu kwa makuti mawilimawili, mbele acha tundu la sentimita 20 tu, usawa wa macho ukiwa umekaa. Mita 1.5 kwa 1.2 zinatosha watu wawili.

Bata hutua akiukabili upepo. Msimu wa kusi kaa kona ya kusini-mashariki ya bwawa, kaskazi ikianza hamia kaskazini-mashariki: upepo mgongoni, na jua la asubuhi pia.

Tumia makuti makavu. Mabichi hubadilika rangi, na ndege hushtuka. Mikoko usiiguse, ukataji wake unahitaji kibali. Kisha kiache kibanda wiki mbili bila kuingia. Hapo ndipo wengi hushindwa. Ukianza, ingia kungali giza.

Bunduki ni habari nyingine: bila leseni ya uwindaji, usithubutu.