Barua kwa mwanangu aliyeko Lyon: kwa nini Trevor Noah anawagawa wanaomsikiliza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Mbagala. Sote hatujambo, na mama yako anasema baridi ya huko isikufanye uache kula.

Barua yako imefika. Unaeleza kwamba mlikuwa mmekaa bwenini, mkaangalia kwenye simu kile kipande cha zamani cha Trevor Noah, yule mchekeshaji wa Afrika Kusini, kuhusu Ufaransa na Kombe la Dunia la 2018. Wengine wenu mkacheka hadi machozi, na rafiki yako, yule aliyezaliwa Villeurbanne, huko huko Ufaransa, kwa wazazi waliotoka Bamako, Mali, akainuka akatoka bila kuaga. Usiku ukamtumia tena kipande kile kile, ukamwandikia kwamba ni mzaha tu na asiwe mgumu hivyo, naye hajakujibu hadi leo. Unaniuliza mambo mawili: inawezekanaje mtu mmoja, kwa maneno yale yale, awafurahishe Waafrika na kuwaudhi Waafrika; na je, unapaswa kumwomba radhi rafiki yako kwa kuwa ulicheka? Nitaanza na la kwanza, kwa sababu la pili halijibiki bila hilo.

Nadhani umesahau hali ilivyokuwa huku kwetu mwezi ule, kwa hiyo nikukumbushe. Afrika ilipeleka timu tano Urusi: Misri, Morocco, Nigeria, Senegal na Tunisia, na zote tano zilitolewa katika hatua ya makundi, Senegal ikiondoka kwa kuwa na kadi za njano nyingi kuliko Japani. Ilipofika fainali ya tarehe 15 Julai, kati ya Ufaransa na Kroatia, sisi tulikuwa hatuna mtu. Nilikwenda kuangalia kwenye kibanda umiza kilicho jirani na stendi, watu tumebanana kwenye mabenchi, feni moja kwa wote. Pogba alipofunga bao la tatu, fundi cherehani mmoja alipanda juu ya benchi akapaza sauti, "Kombe linarudi nyumbani!", na hakuna hata mmoja aliyemuuliza nyumbani ni wapi. Ufaransa ikashinda mabao manne kwa mawili. Trevor Noah, ambaye wakati huo alikuwa mtangazaji wa kipindi cha The Daily Show huko New York, aliposema kwamba Afrika imechukua Kombe la Dunia, na kwamba rangi ile ya wachezaji wengi wa Ufaransa, wenye asili ya Afrika, haipatikani kwa kuota jua kusini mwa Ufaransa, alikuwa anasema jambo ambalo kibanda chetu kilikuwa kimeshalisema. Kwetu lilikuwa sifa, na kwa kiasi fulani lilikuwa faraja ya watu waliofungwa mapema.

Sasa liweke neno hilo hilo kwenye sikio la mtu aliyekulia Ufaransa. Mwaka 1996, Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa chama cha mrengo mkali wa kulia, alidai kwamba ni bandia kuchukua wachezaji wa kutoka nje na kuwaita timu ya Ufaransa. Tangu hapo, na bila shaka hata kabla yake, kusema "hawa si Wafaransa, ni Waafrika" kumekuwa ndiko kusema "waondoke". Wewe mwenyewe uliwahi kuniandikia kwamba mkiulizwa mnatoka wapi, wewe hujibu Tanzania na maongezi yakaishia hapo, ilhali yeye hujibu Villeurbanne na swali hurudiwa. Kwa hiyo rafiki yako alipomsikia Trevor, hakumsikia Trevor peke yake. Alisikia na wale wengine wote waliokwisha kumwambia jambo hilo bila nia ya kuchekesha, na ikatokea kwamba safari hii anayelisema ni mtu mweusi anayependwa na kila mtu mle chumbani, ukiwemo wewe.

Ndiyo sababu balozi wa Ufaransa huko Washington, Gérard Araud, alimwandikia Trevor barua ya kumpinga. Alisema kwamba katika wachezaji 23, wote isipokuwa wawili walizaliwa Ufaransa, wakasomea huko na kujifunzia mpira huko. (Wawili hao ni Umtiti, mzaliwa wa Yaoundé, na Mandanda, mzaliwa wa Kinshasa.) Alisema pia kwamba nchi yake haiwatambui raia wake kwa rangi, dini wala asili, na kwamba kuwaita timu ya Afrika, hata kwa mzaha, ni kuwapa nguvu wanaoamini kwamba Mfaransa ni lazima awe mweupe. Trevor aliisoma barua hiyo mbele ya watazamaji wake studioni, na jibu lake ndilo lililokichekesha zaidi chumba chenu. Balozi alikuwa ameandika kwamba asili mbalimbali za wachezaji zinaonyesha jinsi Ufaransa ilivyo na watu wa kila namna. Trevor akasema yeye anaona zinaonyesha zaidi ukoloni wa Ufaransa. Akamtaja Mamoudou Gassama, kijana wa Mali ambaye Mei ya mwaka huo alipanda ghorofa nne kwa mikono mitupu mjini Paris kumwokoa mtoto aliyekuwa ananing'inia barazani, akapewa uraia. Akauliza kama tangu siku hiyo Gassama ameacha kuwa Mwafrika. Na akasema kwamba anapowaita wachezaji wale Waafrika hakusudii kuwatoa katika Ufaransa wao, anakusudia kuwaingiza katika Uafrika wake yeye.

Huwezi kumwelewa anaposema hivyo bila kukumbuka alikotoka. Alizaliwa Johannesburg tarehe 20 Februari 1984, mama yake Mxhosa, baba yake Mswisi, wakati ambapo sheria ya Afrika Kusini ilikuwa bado inaharamisha mapenzi baina ya mweupe na asiye mweupe. Sheria hiyo ilifutwa mwaka uliofuata. Mtu aliyekua hivyo, akiambiwa achague upande mmoja, husikia sauti ya serikali iliyomkataa. Hivyo Ufaransa inaposema "raia wetu ni Mfaransa, basi", kwake hilo ni agizo la kuchagua. Na rafiki yako akisikia "wewe ni Mwafrika", kwake hilo nalo ni agizo la kuchagua. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja, ila kila mmoja alikutana nacho kwa mlango wake.

Sisi Wanyamwezi tulipaswa kuwa wepesi wa kuliona jambo hili, kwa sababu ya watani wetu Wazaramo. Ulikuwa mdogo alipofariki baba yako mkubwa, lakini huenda unamkumbuka yule mzee wa Kizaramo aliyeingia msibani amevaa koti la marehemu, ameshika bakora yake, anachechemea kama yeye mbele ya waombolezaji, anadai madeni ambayo marehemu hakuwahi kukopa, akagoma jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Mama yako mkubwa alikuwa amelia usiku kucha. Alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Asiyekuwa mtani angethubutu kufanya hivyo angetolewa kwa magumi. Utani ule ulijengeka tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na unasimama kwa sababu pande zote mbili zinajuana, kila upande una zamu yake, na msiba ukiwa kwa Wazaramo ni sisi tunaokwenda kufanya vituko. Hakuna mtani anayeanza utani na mtu ambaye ukoo wake haujaukubali.

Mchekeshaji wa jukwaani anatafuta ruhusa ya namna hiyo kwa watu asiowajua. Ukumbini anaipata, kwa sababu waliokuja wamekuja kwa hiari yao, wanajua wamemfuata nani, na asiyependa ananuna kwenye kiti chake bila kumharibia mtu. Kamera ikimrekodi, na kipande kikakatwa na kurushwa kwenye simu, ruhusa ile inabaki ukumbini na maneno yanasafiri peke yao. Trevor anajiona mtani wa rafiki yako kwa sababu ya rangi na bara. Rafiki yako hajawahi kuukubali utani huo, na hana jukwaa la kuchukua zamu yake.

Kuna na tabu nyingine, ambayo marehemu Mzee Majuto hakuwa nayo. Majuto, aliyetutoka wiki chache tu baada ya fainali ile, tarehe 8 Agosti 2018, aliweza kuwa mzee bahili, mzee mkware, mzee mwongo, nasi tukamcheka yule mzee wa kwenye filamu huku tukimpenda Amri Athumani mwenyewe. Wa jukwaani hana mhusika wa kujificha nyuma yake. Anasimama na maikrofoni anasema "mimi", kwa hiyo anayeudhika humuudhikia yeye mwenyewe, na anayecheka huonekana amekula kiapo pamoja naye. Hapo ndipo ugomvi unapoacha kuwa juu ya kichekesho na kuwa juu ya wasikilizaji: wewe unaonekana umemcheka rafiki yako, naye anaonekana mtu asiyejua mzaha, ilhali hakuna kati yenu aliyekuwa anazungumzia hayo.

Ukitaka maoni yangu, na najua unayataka ingawa hukuuliza, mimi nilicheka, na bado naona Trevor alikuwa na haki ya kusema alichosema kuhusu ukoloni. Lakini naona alijichagulia mpinzani mwepesi. Balozi ni mtumishi wa serikali. Kumshinda balozi mbele ya hadhira ya New York hakuhitaji kipaji kikubwa. Wagumu walikuwa wengine. Benjamin Mendy, aliyekuwa kwenye kikosi chenyewe, aliona mtandaoni orodha iliyowapa wachezaji bendera za nchi za wazazi wao, akaiandika upya na kumwekea kila mmoja bendera ya Ufaransa. Nicolas Batum, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Ufaransa ambaye baba yake alikuwa Mkameruni, aliikataa kwa hasira ile pongezi ya kwamba Afrika imeshinda. Hao si serikali, na hawakutumwa na mtu. Trevor aliuliza kwa nini wachezaji wasiwe vyote viwili, swali zuri sana, ila mtu akisema mwenyewe kwamba yeye anataka kuitwa kimoja, mgeni hana nafasi ya kumwongezea cha pili, hata akiwa anampa kwa upendo. Hilo naona hakulijibu. Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme pia kwamba anapoigiza lafudhi za Waafrika wenzake mbele ya Wamarekani mimi huishiwa kicheko, lakini hilo ni la ladha yangu na mama yako hakubaliani nami hata kidogo.

Usidhani basi kwamba kila anayeudhika hulingana na mwingine. Julai ile ile ya 2018, Trevor akijiandaa kwenda Australia, kiliibuka kipande chake cha mwaka 2013 ambamo alikuwa amekejeli sura za wanawake wa asili wa nchi hiyo, na watu wakataka maonyesho yake yasusiwe. Safari hiyo hakubishana. Alisema kwamba baada ya kutembelea jumba la makumbusho la Bunjilaka mjini Melbourne na kujifunza historia yao, alikuwa ameahidi kutorudia kamwe mzaha wa namna ile. Wako walioona kwamba hayo hayakufika kuwa samahani. Tazama tofauti. Katika kichekesho cha Ufaransa kulikuwa na hoja, unaweza kuikubali au kuikataa, na waliolengwa walikuwa wameshinda kombe la dunia. Katika kile cha Australia hapakuwa na hoja yoyote, palikuwa na wanawake waliodharauliwa kwa vizazi na mtu mwenye maikrofoni akaongeza lake. Kwa kile cha kwanza watu wenye busara wanaweza kugawanyika kwa miaka mingi wasimalize. Kwa kile cha pili, aliyecheka hakuwa anajua anamcheka nani, na akishajua hawezi kukirudia, kama mchekeshaji mwenyewe alivyokiri.

Nije kwenye swali lako la pili. Kwa kucheka usiombe radhi. Ulicheka kama Mtanzania ambaye hajawahi kuambiwa nchi yake si yake, na kujifanya hukucheka kutamfanya akuone mnafiki juu ya yote. Lakini kile kipande ulichomtumia tena usiku, pamoja na ule ujumbe wa kumwambia asiwe mgumu, hicho hakikuwa kicheko. Hapo ulikuwa unamfundisha namna ya kusikia jambo linalomhusu yeye kuliko linavyokuhusu wewe. Mwombe radhi kwa hilo, uso kwa uso na si kwa simu, na usimalize kwa neno "lakini".

Akikupokea, muulize kwao walishangiliaje usiku ule wa fainali. Ningependa sana kujua kama baba yake, mtu wa Bamako, alishangilia Ufaransa au alisema kama fundi wetu cherehani. Kwa sababu ikiwa alisema kama fundi, basi ubishi wenu huo wameshakuwa nao mezani kwao tangu 2018, na yeye atakueleza kuhusu jambo hili mengi kuliko mimi.

Mdogo wako amefaulu kuingia kidato cha tano, atakuandikia mwenyewe. Ada ya muhula nimekwisha kuituma, ukiipata nijulishe.

Ni mimi baba yako akupendaye.